Posho ya Njia: Namna ya Kufunga Chakula cha Siku Tatu Kisioze

Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama wa Salamabila, wa Kabambare na wa vijiji vya njia ya Kasongo, yasomeni maneno haya polepole. Na yeye ajuaye kusoma amsomee jirani yake asiyejua.

Watu wetu wengi huondoka nyumbani Ijumaa alfajiri kwenda kambini kwenye machimbo ya dhahabu, nao hurudi Jumapili jioni. Wengine huenda shamba la mbali, na wengine huenda kuvua katika mto Luama. Siku hizo ni tatu tu. Lakini siku tatu ni nyingi kwa chakula kilichofungwa vibaya. Kambini hakuna friji, na barafu haiko. Kuna jua, mvua, inzi, panya na moshi. Basi tutafundishana namna ya kutengeneza posho, namna ya kuifunga, na namna ya kuila bila kuugua.

1. KWA NINI UCHUKUE POSHO YAKO MWENYEWE

Zamani, wakati wa Wabelgiji, mfanyakazi wa kampuni ya madini alipewa posho yake kila juma: unga au mchele, maharagi, samaki, mafuta na chumvi. Leo mchimbaji wa mkono hapewi posho na mtu. Akifika kambini bila chakula, atakwenda kwa mwenye duka. Na duka la kambini ni ghali, kwa sababu kila kilo ya unga imefika pale kwa mgongo wa mtu au kwa pikipiki. Ikiwa hana fedha, atakopeshwa, naye atalipa kwa dhahabu. Angalia jambo hili: mwenye posho yake huchimba kwa ajili ya nyumba yake, asiye na posho huchimba kwa ajili ya mwenye duka.

Tena kuna hatari kubwa kupita deni. Mtu anayeharisha kambini yuko mbali na hospitali. Atabebwa na wenzake, na kazi ya watu wanne itapotea kwa sababu ya chungu kimoja cha wali uliochacha. Wako waliobebwa hivi ambao hawakufika.

2. CHAKULA HUOZAJE

Watu wengine husema, "Chakula kimeoza kwa sababu ya joto." Neno hili ni kweli nusu. Chakula huoza kwa sababu ya vidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivi viko mikononi mwetu, katika vumbi, katika maji machafu, na miguuni mwa inzi. Vinataka vitu vitatu: maji, joto la kadiri, na chakula cha kula. Ukivinyima kimoja, haviwezi kuzaana.

Friji huvinyima joto. Sisi hatuna friji, basi tutavinyima maji. Tazama mhogo. Mhogo mbichi uliotoka udongoni, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu ndani yake huanza kuwa na mistari myeusi. Lakini mhogo huo huo ukikaushwa vema na kutwangwa, unga wake hukaa miezi. Ni mhogo ule ule, ila maji yametoka.

Chumvi nayo huvuta maji kutoka katika samaki. Moshi hukausha nyama, na dawa iliyomo ndani ya moshi huzuia vidudu. Babu zetu hawakuona vidudu, lakini walijua kazi hii. Ndiyo maana waliweka samaki na mbegu juu ya uchaga, juu ya jiko.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Lakini akiba ya chakula huoza sana, isipokuwa imekauka. Likumbuke neno hili moja hata ukisahau mengine yote: chukua vilivyokauka, pika huko huko, na chakula cha leo kiliwe leo.

3. SAFARI YA IJUMAA HUANZA JUMATANO YA JUMA LILILOPITA

Mama mmoja aliniambia, "Moniteri, mume wangu aliniambia Jumatatu kwamba Ijumaa anakwenda kambini. Nitapata wapi unga?" Swali lake ni zuri, nalo ni sababu ya kuandika kipande hiki.

Mihogo michungu ina sumu. Sumu hii haiwezi kutoka kwa kupika upesi. Hutoka kwa kuloweka na kukausha. Ukipunguza siku za kuloweka, sumu hubaki ndani ya unga, hata kama unga ni mweupe na mzuri machoni.

Msifikiri kwamba haya ni maneno ya kutisha watoto. Katika inchi yetu, upande wa Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Jina lenyewe, kwa lugha ya Wayaka, ni kama kusema miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima. Asubuhi miguu yake imekauka, hawezi kutembea sawasawa, wala haponi tena maisha yake yote. Wanaoshikwa sana ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa, hasa mahali watu wanapokula mihogo michungu siku zote bila samaki, nyama wala maharagi. Baadaye waganga waliochunguza huko Bandundu waliona jambo la ajabu: ugonjwa ulizidi katika vijiji vilivyouza mihogo Kinshasa baada ya barabara kuwa nzuri. Kwa nini? Kwa sababu wanunuzi walikuja na magari, wakataka mihogo upesi, nao watu wakaloweka siku moja tu mahali pa siku tatu. Barabara haikuleta sumu. Haraka ndiyo iliyoileta.

Machimbo nayo huleta haraka kama ile. Kwa hiyo fuateni kalenda hii:

Jumatano: chimba mihogo, menya, kata vipande, weka majini. Maji yafunike mihogo yote.

Alhamisi mpaka Jumamosi: iache majini. Usiitoe, hata mtu akikuhimiza.

Jumapili asubuhi: mihogo imekaa siku nne usiku na mchana. Sasa ni laini, inavunjika mkononi. Itoe, ioshe kwa maji safi, toa nyuzi za katikati, ivunjevunje.

Jumapili mpaka Jumatano: ianike juani, juu ya mkeka au uchaga, si juu ya udongo. Jioni iingize ndani. Mvua ikinyesha, ikaushe juu ya jiko.

Alhamisi: twanga, chekecha, acha unga upoe, funga.

Ijumaa: safari.

Utajuaje kwamba mihogo imekauka? Vunja kipande: kikilia kama ukuni mkavu, vema, kikipinda, bado. Ukiona ukungu mweusi au wa kijani, usichanganye kipande hicho na vizuri.

Ikiwa unga umenunuliwa sokoni, na hujui ulilowekwa siku ngapi, kuna njia ya kuupunguzia sumu. Tia unga katika beseni, weka alama mahali unga unapofika. Tia maji, koroga, mpaka unga uliolowa ufike tena pale penye alama. Kisha utandaze juu ya mkeka, unene usipite ukucha wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu hutoka kama hewa. Kisha pika ugali siku ile ile. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama wa Popokabaka, huko Kwango, nayo ilizuia konzo mpya. Lakini angalia: unga uliolowa hauwezi kuwa posho ya njia. Ufanye hivyo kambini, siku ya kupika, au nyumbani kwa chakula cha siku hiyo.

Basi, baba, ukitaka kwenda Ijumaa, mwambie mkeo siku kumi kabla. Na wewe mwenyewe chimba mihogo na kuteka maji. Kazi hii si ya mama peke yake.

4. VYAKULA VINAVYOFAA NJIA

Posho ya mtu mmoja anayefanya kazi ngumu, siku tatu:

Unga wa mihogo, au mchele, au vyote viwili: kilo 1 na nusu.
Karanga: nusu kilo.
Maharagi makavu: gramu 300.
Ndakala au samaki wa moshi: gramu 200.
Mafuta ya mawese: robo lita au pungufu kidogo.
Chumvi: vijiko vinne, ndani ya kichupa.
Sukari: vijiko kumi, ndani ya kichupa kingine. Hii si ya chai tu. Mbele utaona kazi yake.

Mzigo huu haufiki kilo 3 na nusu. Mtoto wa shule aweza kuubeba.

Mchele. Sisi watu wa Maniema tunaujua mchele tangu karne ya 19, watu wa misafara waliotoka pwani walipopita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe. Safari zao zilikuwa za miezi, wala hawakuwa na friji. Mchele mkavu ni posho njema sana. Uuma kwa jino: ukikatika kwa sauti, umekauka.

Karanga. Chagua moja moja. Tupa iliyokunjana, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, au yenye ukungu. Usiseme, "Nitaikaanga, ukungu utakufa." Ukungu utakufa, lakini sumu yake haifi kwa moto wa jikoni. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Hawa ni ndege wakubwa wanaofugwa kama kuku. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga zenye ukungu. Hapo wataalamu wakaitambua sumu hii, nayo huharibu ini la mtu pia. Karanga mbaya usimpe kuku, wala usiisage kuificha ndani ya mboga.

Maharagi. Yaloweke Ijumaa jioni ufikapo, yaive upesi Jumamosi. Mwaga maji ya kulowekea. Yachemshe kwa nguvu mpaka yawe laini kabisa. Maharagi yaliyoiva nusu huumiza tumbo na kutapisha.

Ndakala na samaki. Ndakala wa ziwa Tanganyika ni wazuri kama wamekauka na hawana mchanga. Mvunje mmoja: akikatika, mnunue, akipinda kama kamba, mwache. Samaki wa moshi umkaushe tena juu ya jiko usiku mmoja kabla ya kufunga, kwa maana sokoni ameshikwa na mikono mingi na kutagiwa mayai na inzi. Makayabu huwekwa chumvi nyingi. Yaloweke kwanza, usipate kiu shimoni.

Sombe. Sombe iliyotwangwa huchacha haraka, tena majani ya mihogo nayo yana sumu kabla hayajapikwa. Usiibebe mbichi imetwangwa. Chuma majani karibu na kambi ukiruhusiwa na mwenye shamba, twanga, na chemsha muda mrefu chungu kikiwa wazi.

Viazi vitamu vibichi, ndizi mbichi na malimau hukaa siku tatu bila shida, ila ni vizito. Mayai mabichi yasiyopasuka hukaa pia. Yafunge ndani ya unga, hayatavunjika. Kikwanga kilichopikwa vema ndani ya majani hukaa siku kadhaa, kwa sababu mihogo yake imechachuka na jani halijafunguliwa. Ukikifungua, kimalize.

Nyama. Usibebe nyama mbichi hata kidogo. Ikiwa watu ni wengi na mnataka nyama, chukueni kuku mzima, mumfunge miguu, mumweke kivulini na kumnywesha maji. Kuku hai haozi. Mkimchinja, mleni siku hiyo yote. Lakini mnyama aliyekutwa amekufa msituni, msimguse wala msimle, hamjui kilichomwua.

5. CHAKULA KILICHOPIKWA NYUMBANI

Hapa nitawaambia aibu yangu. Siku moja nalikwenda kambini kuonyesha watu namna ya kuhifadhi mbegu za karanga. Usiku wa kuamkia safari nalipika wali na maharagi, nikavitia katika sufuria, nikafunga kifuniko kwa kitambaa ili visipoe. Nalijiona mwenye akili sana. Siku ya pili mchana tukala, mimi na mwenzangu. Vilikuwa bado vuguvugu, wala havikunuka. Kabla ya jua kushuka sote wawili tulikuwa tumeinama nyuma ya kibanda, tukitapika. Wachimbaji walicheka, wakasema, "Moniteri amekuja kutufundisha kutunza mbegu, na wali umemshinda!" Nami sikuwa na jibu.

Baadaye nalijifunza kosa langu. Kidudu kimoja cha wali kina namna ya mbegu isiyokufa kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huota, na vidudu huacha sumu. Sumu ile ukiipasha moto, haitoki. Tena chakula chenye sumu chaweza kuwa na harufu nzuri. Kwa hiyo pua si mganga wa kutosha.

Waganga husema: chakula kilichopikwa kisikae saa zaidi ya mbili bila kuwa moto sana au baridi sana, na siku ya jua kali, kisikae zaidi ya saa moja. Moto sana maana yake kinatoa mvuke na kuunguza kidole. Vuguvugu ndiko nyumbani kwa vidudu. Basi fanya hivi:

Kula ushibe nyumbani alfajiri, kabla ya kuondoka.

Njiani kula vitu vikavu: karanga za kukaanga, mahindi ya kukaanga, kikwanga. Ukichukua kiazi cha kuchoma au yai la kuchemsha, ukile kituo cha kwanza.

Kambini pika kadiri ya watakaokula. Ni afadhali kupika mara mbili kidogo kuliko mara moja nyingi.

Kilichobaki usiku usikifanye chakula cha asubuhi. Najua neno hili ni gumu, maana kutupa chakula ni uchungu. Ndiyo sababu nasema, pima kabla ya kupika. Kopo moja, mtu mmoja.

6. KUFUNGA MZIGO

Mzee mmoja wa kijiji cha jirani alibeba unga wake wote katika mfuko mmoja. Katika kuvuka kijito aliteleza, mfuko ukalowa. Usiku unga ukawa donge, asubuhi ulinuka kama pombe. Alikaa siku mbili kwa kuombaomba. Tangu siku ile hufunga unga wake katika mafungu matatu. Nasi tufanye kama yeye.

Kwanza, unga na mchele vipoe kabisa kabla ya kufungwa. Kitu chenye moto kikifungwa hutoa jasho, na jasho ni maji.

Pili, fanya mafungu matatu, fungu moja kwa siku moja. Likilowa moja, mawili yamebaki.

Tatu, kila fungu lifungwe kwa kitambaa safi kikavu, halafu kwa mfuko wa plastiki usiotoboka. Ukikosa plastiki, chukua majani ya migomba au majani mapana ya msituni ambayo akina mama hufungia kikwanga. Yapitishe juu ya moto kidogo yalegee yasipasuke, yafute, na upange mawili mawili, migongo yakipishana. Funga kwa kamba. Majani usiyoyajua usiyafungie chakula.

Nne, samaki akae peke yake, mbali na unga. Chumvi ikae peke yake, maana huvuta maji ya hewa.

Tano, mafuta yawe katika chupa iliyooshwa na kukauka. Bidoni iliyowahi kutiwa petroli, dawa ya shamba au dawa ya machimbo usiitie mafuta wala maji ya kunywa kamwe. Hata ukiiosha mara kumi, usiitie.

Sita, panga mzigo hivi: vizito chini, yaani mchele na maharagi, unga katikati, karanga za njiani juu, usifungue mzigo wote kila kituo. Juu kabisa weka kipande cha plastiki au majani kwa ajili ya mvua. Toka Septemba mpaka Mei mvua haitoi habari kabla ya kuja.

7. KAMBINI

Ukifika, usilale kabla ya kutunza posho. Itundike kwa kamba chini ya paa, isiguse ukuta wala udongo. Panya na siafu hupenda kamba, basi ipake majivu yaliyochanganywa na mafuta. Mahali pazuri ni juu ya jiko, kadiri moshi unavyofika lakini moto haufiki.

Maji. Maji ya kijito cha machimbo yamepitiwa na watu wengi na udongo mwingi. Teka juu, mbali na wanaoosha mchanga. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Yapoe ndani ya chombo chenye kifuniko. Choo kiwe mbali na maji, hatua arobaini au zaidi, tena upande wa chini. Nawa mikono kwa sabuni. Ukikosa sabuni, kwa majivu.

Zebaki. Neno hili mlisikie vema. Wachimbaji wengine hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Kuchemsha maji huua vidudu, lakini hakutoi zebaki. Na ikichomwa haipotei. Hupaa kama moshi usioonekana, kisha hukaa ukutani, darini, nguoni na ndani ya unga uliotundikwa wazi. Huharibu mishipa ya fahamu, mapafu na figo, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Kwa hiyo:

Usichome zebaki jikoni, wala ndani ya kibanda cha kulala.

Karai ya kuoshea dhahabu isiwe bakuli la ugali. Sufuria iliyotumika kwa zebaki isirudi jikoni tena, hata ikisuguliwa ikang'aa.

Usile wala kuvuta tumbaku ukiwa na mikono ya kazi. Nawa kwanza.

Hapa tumbo na mfuko wa fedha hushindana. Mtu husema, "Nina karai moja tu." Namjibu: nunua sahani ya pili. Kifedha ni kitu kidogo. Watoto wako si kitu kidogo.

8. MTU AKIHARISHA

Hapa ndipo kazi ya ile sukari. Chukua maji safi lita 1, yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa. Tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Koroga. Usizidishe chumvi, itamdhuru. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, kila mara anapoharisha. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mwanze tena polepole. Ikiwa kituo cha afya kinatoa pakiti za unga wa dawa hii, chukueni mbili katika mzigo. Hizo ni bora zaidi.

Lakini akiharisha kama maji ya mchele, mengi, bila kukoma, hiyo huenda ni kolera. Msingoje asubuhi. Mbebeni mara moja, na njiani mwendelee kumnywesha. Kolera huweza kumwua mtu mzima kwa saa chache, lakini akinyweshwa mapema wengi hupona.

9. MAULIZO YA WATU

"Moniteri, nasikia kuna chungu kinachofanya baridi kama friji. Je, tukitumie?" Ni kweli kiko. Mwalimu mmoja wa Nijeria, Mohammed Bah Abba, alikieneza katika miaka ya 1990: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, na mchanga wenye maji katikati. Maji yakikauka huondoa joto, mboga hukaa siku nyingi. Lakini kule hewa ni kavu. Kwetu, mwezi wa mvua, hewa imejaa maji, na chungu kile hakifanyi baridi nyingi. Kijaribuni nyumbani kiangazi, Juni mpaka Agosti, kwa nyanya na mboga; si kwa nyama, wala si kambini.

"Samaki aliyebaki nimpike tena?" Samaki uliyemvua leo, mle leo. Waliobaki wapasue, waoshe, watie chumvi, wakaushe kwa moshi usiku huo huo, si kesho.

"Chakula kimechacha kidogo tu, je, nikitie pilipili?" Pilipili hudanganya ulimi. Haidanganyi tumbo.

10. MANENO YA KUKUMBUKA

Vilivyokauka huenda safari. Vilivyolowa hubaki nyumbani.
Mihogo siku nne majini, siku tatu juani, usipunguze.
Karanga yenye ukungu itupwe.
Fungu moja, siku moja.
Wali wa jana si chakula cha leo.
Karai ya dhahabu si bakuli.
Sukari na chumvi zisikosekane mzigoni.

Baba, ukirudi Jumapili jioni una nguvu zako, na deni la duka huna, hata dhahabu kidogo ni faida. Na ukirudi bila dhahabu, umerudi mzima. Jumatatu jembe litakukuta. Na wewe mama, ukiambiwa Jumatatu kwamba safari ni Ijumaa, mpe mchele na karanga, umwambie, "Mihogo bado iko majini." Hilo si neno la ukaidi. Ni neno la kulinda miguu ya watoto wako.